Bastola ya Mti Iliyokataa Kutoka

Kuna watu Nakuru, wachache siku hizi kwa sababu wengi wametangulia mbele ya haki, ambao waliona chupi yangu mchana kweupe, na kila nikikutana na mmoja wao huanza kucheka kabla hajanisalimia. Naona nieleze mimi mwenyewe, maana wao wakieleza wanaongeza chumvi, na mkasa huu ulikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Nilikuwa fundi wa ngozi kwa Mhindi mmoja, Bwana Jivan, tukishona matandiko ya farasi, mikanda na mikoba. Wakati ule kila mzungu wa shamba alikuwa na bastola kiunoni, akila nayo na kulala nayo, kwa sababu serikali ilisema mwenye kuipoteza atajibu kwa hakimu, kwa hivyo kazi yetu kubwa ikawa kushona mifuko ya bastola. Nami nilijiona bingwa (na nilikuwa bingwa, sitaki unafiki).

Siku moja akaja Bwana Mrefu, mzungu wa huko karibu na Bahati, suruali imeelemea upande mmoja kwa uzito wa bastola yake. Hiyo haikuwa bastola, ilikuwa jembe. Alikuwa mpenda hadithi, akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha shamba kwamba zamani bastola zilikuwa na risasi nyembamba, inampita adui na adui bado anakuja na panga lake, ndipo mafundi wa kwao wakatengeneza hii ya risasi nene kama kidole changu cha mwisho, si ya kumtoboa mtu bali ya kumwangusha. Alitoka nayo vita vya kwanza vya dunia. "Sasa mimi napiga ng'ombe yangu tu," akasema, "kama vunjika mguu." Nikamwonea huruma ng'ombe.

Sasa, mfuko wa bastola haushonwi hewani. Unalowesha ngozi, unaikaza juu ya bastola yenyewe, inakauka ikiwa imeshika umbo. Lakini Bwana Mrefu hakuruhusiwa kuniachia bastola hata kwa dakika moja, na mimi nikikutwa nayo ni kitanzi, hakukuwa na mjadala, mtu mweusi na bastola siku zile alinyongwa. Kwa hivyo aliilaza juu ya karatasi, nikaichora kwa kufuata kingo zake, nikamwambia nitachonga mfano wake wa mti, na akaenda zake. Nikachonga nyingine kwa mti wa podo, mtutu wake, tumbo lake la risasi sita, mpini wake, nikaipaka rangi nyeusi ya viatu mpaka inang'aa. (Rangi haikuwa lazima. Sifa ndizo zilizoniponza.)

Nikaivalisha ngozi mbichi, nikaikaza vizuri. Ilipofika saa saba Bwana Jivan akafunga duka kwa chakula. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilisema moyoni, ngozi inataka hewa, mimi ninataka chai, na Rael yuko pale kwenye kibanda chake karibu na soko, kwa nini nisiuvae mfuko huu unikaukie kiunoni? Nikavua mkanda wangu, nikapitisha mkanda mpya wa mfuko ule kwenye suruali, nikafunga koti juu, nikatoka nikitembea kama mwenye shamba.

Rael nilikuwa namtaka, lakini yeye alikuwa ananiuzia chai tu. Nilipofika nikaketi, nikaona haniangalii, anaosha vikombe kwenye karai. Nikasema kuna joto leo. Nikafungua koti. Nikalifungua kidogo tu, upande wa kulia.

Kikombe kikamponyoka. Nyuma yangu nikasikia bunduki inakokiwa, na sauti nzito ikasema, "Wewe. Mikono juu."

Alikuwa koplo wa polisi, aliyekuja kunywa chai na askari wake wawili, na mimi kwa kumtazama Rael sikuwa nimewaona. Nikainua mikono. Watu wakaanza kujaa, wengine wakilala chini.

"Toa hiyo bastola, tupa hapa. Polepole."

"Afande, hii ni mti."

"Nimesema toa."

Basi nikashika mpini, nikavuta. Haikutoka. Ndugu zangu, mimi fundi bingwa nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa seremala anakijua, kwamba mti ukinywa maji unavimba. Ulikuwa umevimba ndani ya ngozi mpaka ukashika kama jino. Nikavuta tena kwa nguvu, na kila nikivuta naonekana kama mtu anayetaka kumpiga risasi koplo, na koplo naye anarudi nyuma huku ananilenga kifuani. Niliogopa kufa, sitaficha, nilimkumbuka mama yangu.

"Imekwama, afande."

"Fungua mkanda basi. Mkanda yote, weka chini."

Mkanda ule ndio uliokuwa umeshika suruali. Nikatazama bunduki, nikamtazama Rael, nikaufungua. Suruali ikashuka, na chini yake nilikuwa na chupi niliyojishonea kwa mfuko wa unga, maandishi ya kinu cha kusagia bado yanasomeka vizuri kwa nyuma. Mama mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake.

Koplo akauokota mfuko, akavuta, wapi. Askari mmoja akashika ngozi na mwingine akashika mpini, wakavutana mpaka wakaangukiana, mikono yao imejaa rangi ya viatu, na bado koplo anasema, "Ni nzito hii. Twende kituoni." Nilijua nikifika kituoni sitarudi.

Ndipo Rael akasema, bila hata kupandisha sauti, "Afande, chuma haielei. Tia kwa karai tuone."

Koplo akafikiri, akaitia ndani ya maji ya vikombe. Ikazama, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imeibuka, inaelea kati ya vikombe, na soko zima likaangua kicheko, koplo pia, uso wake una mistari myeusi mahali alipojifuta jasho. Akaupasua mfuko kwa kisu, akatoa ule mti, akaugawa vipande viwili na kuutia chini ya birika la Rael. "Vaa suruali," akaniambia, "uende."

Bwana Mrefu alipokuja, akauliza, "Wapi ile mti?" Nikamjibu, "Bwana, ilipika chai." Kwa vile mfuko mpya sasa ulitaka bastola yenyewe, nayo haikuweza kubaki bila mwenyewe, ilibidi aketi dukani kutwa nzima na ngozi mbichi kiunoni, maji yakimchuruzikia suruali, wateja wakimtazama kwa heshima na mashaka.

Tangu siku ile sijavaa kitu nilichomshonea mtu mwingine, hata kwa kukijaribu, na sitavaa. Rael nilimuoa, maana mtu akishakuokoa shingo na amekwisha kuona chupi yako, hakuna kilichobaki cha kuficha. Lakini hadi leo, nikivaa koti la Jumapili na kujitazama kwenye kioo zaidi kidogo ya inavyofaa, nasikia sauti ya Rael nyuma yangu, ya upole kabisa: "Mikono juu." Nami huinua.