Bibi Zuwena, Mchagua Visu wa Rumonge

Saa mbili asubuhi, Bibi Zuwena binti Asmani amechuchumaa kwenye kibanda cha mhunzi Amuri. Mbele yake kuna visu, mapanga na mihoro, yale mapanga mafupi yenye ncha iliyopinda ya kupogolea migomba. Hagusi hata kimoja. Anatazama mikono ya wateja.

"Chuma iko muzuri yote," anasema. "Mikono ndiyo haiko sawa."

Hiyo ndiyo kazi yake tangu kabla Wadachi, yaani Wajerumani, hawajajenga boma Usumbura: kuwachagulia watu vya kukatia. Malipo ni bakuli la ndagala, dagaa wa ziwani, na asiye nalo husema murakoze, asante tu, akaenda zake. Asubuhi hii bwana mmoja wa Gitaza alitaka panga refu la Ulaya la kuringia. Bibi aliona bega lake bovu, akampa muhoro. Bwana alinuna, akaujaribu kwenye mgomba, akalipa.

Kisha anafika Biasha na mama mkwe wake. Mwiba wa mchikichi ulikiozesha kidole gumba cha kulia cha Biasha, kikakatwa. Akimenya muhogo kwa kushoto, mama mkwe hali: mkono ule ni wa chooni. Ijumaa hii mke mwenza atapewa jiko.

"Bibi, nitakuwa mugeni kwa nyumba yangu," anasema Biasha.

Bibi Zuwena anampa kisu, akishike kwa kushoto amenye muhogo. Kinakwenda upande, kinakula muhogo mzima.

"Mukono haujazoea," anasema Amuri.

Bibi anapapasa makali. Yamenolewa upande mmoja tu, upande unaowafaa watumiao mkono wa kulia. Anamrudishia Amuri, "Noa huku kwingine."

Amuri ananoa, Biasha anajaribu tena. Ganda linatoka refu na jembamba, halikatiki. Waliokuwa wakibishania bei wanasogea kuona. Mwandishi wa habari hii ameona meli ya Wadachi ikiingia ziwani, lakini hakushangaa kama alivyoshangaa hapa.

"Na kushoto je?" anauliza mama mkwe.

"Angalia, dada. Muhogo iko kwa mukono gani?"

Uko kwenye wa kulia, umebanwa kwa vidole vinne. Wa kushoto umeshika mpini tu. Mama mkwe anachukua kipande kibichi, anatafuna.

Bibi Zuwena sasa anataka kushuka hadi Kabonga na visu vya kushoto alivyomwagiza Amuri.

"Wanawake wengi wamenyang'anywa jiko," anasema. "Watu waliangalia mukono. Hakuna mutu aliangalia kisu."