Nduwa Ilipokauka

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu nilikuwa na kimo cha mama wa watoto wawili na kifua cha kumtosha mmoja. Nayasema haya bila aibu, kwa sababu aibu yangu yote niliimaliza mwaka ule.

Ndio mwaka ambao mama alinivusha mpaka. Nilizaliwa upande wa Kenya, kwa Wataita, baba yangu akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baba alikufa kwa kifua. Miezi ya mwisho alikuwa anatema damu kwenye kopo, na mimi ndiye niliyekuwa namwaga lile kopo. Hata matanga hayajapoa, kaka zake wakaanza kumtaja mzee mmoja mwenye ng'ombe, kwamba ameniangalia na ameona nafaa. Mama hakubishana nao. Alifunga nguo zetu kwenye shuka, tukapanda basi mpaka Taveta, tukavuka Holili, tukarudi kwao Marangu, nyumbani kwa kaka yake. Tulipoanza kupanda mlima ndipo aliponiambia, "Nyumba sina. Ng'ombe sina. Nitakupa shule. Ukiiacha shule, umeniacha mimi."

Sasa mtoto akiambiwa hivyo afanye nini? Akaitika "ndiyo mama" na kubeba mzigo.

Kule nilikotoka nilikuwa darasa la sita. Hapa waliniuliza siasa, sikuijua. Wakaniuliza historia ya nchi, nikawapa ya nchi nyingine. Wakanitia darasa la nne. Magoti yangu hayakuingia chini ya dawati, nikawa nakaa upande upande kama mtu anayesubiri kuitwa atoke nje. Kila asubuhi shule nzima ilikimbia mchakamchaka, tunapanda kilima na kukishuka kwa nyimbo, na kifua changu kinakimbia kwa wimbo wake. Wavulana waliokuwa nyuma waliacha kuimba ili waangalie vizuri. Nikachukua kitambaa cha mama, nikajifunga mpaka pumzi ikawa fupi. Nikajifunza kutembea nimeinama. Hilo nalo likawapa la kusema.

"Mkenya, umeangusha nini?"

"Mwacheni, anatafuta mpaka."

Zamani sikuwa najua kama mimi ni mrefu. Kwetu nilikuwa binti wa fulani, basi. Ni huku ndiko nilikopewa mwili, tena nikapewa siku moja wote, kama mzigo uliokosewa mwenyewe.

Niliyekaa naye dawati moja aliitwa Aikande. Alikuwa mdogo kama punje, mdomo wake mkubwa kuliko yeye. Siku ya kwanza aliniambia, "Wee twiga, sogea na mimi nipate hewa." Siku ya pili akanigawia ndizi za kuchoma. Kwa hiyo nikawa na rafiki.

Inabidi niwaeleze habari ya maji, maana wajukuu wa siku hizi wanajua bomba tu. Huku mlimani maji hayakuwa yanakuja kwa kupenda. Wazee wa zamani walichimba mifereji kutoka makorongo ya juu, wakaipitisha kwenye vihamba, katikati ya migomba na kahawa. Mfereji huo ndio mfongo. Juu ya shule yetu kulikuwa na nduwa, bwawa la kuzuia maji ya mfongo usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu, ukoo kwa ukoo. Na mfongo ulikuwa na miiko yake. Mwanamke hasogelei nduwa. Mwanamke aliye kwenye siku zake hata kuvuka mfongo havuki, asije akayaudhi maji yakakatika. Hakuna msichana wa pale asiyeyajua haya.

Isipokuwa mimi. Na mniulize kwa nini. Upande wa mama, msichana anafundishwa na bibi yake. Upande wa baba, anafundishwa na shangazi. Mama mzazi hayasemi hayo na binti yake, ni mwiko, kinywa chake kimefungwa. Bibi yangu alikuwa ameshakufa. Shangazi alibaki ng'ambo ya mpaka. Watu wa huku walidhani nimekuja nimefundishwa, watu wa kule walidhani nitafundishwa nikifika. Mama akakaa katikati, amenyamaza kama adabu inavyotaka.

Ilinianza asubuhi, kwenye mchakamchaka. Nilihisi unyevu, nikajua nimechanika mahali. Baadaye tukatumwa kuchota maji ya walimu, nikajitenga na wenzangu, nikatazama. Damu. Sikuwaza lingine: ni ugonjwa wa baba. Kwake ulitokea juu, kwangu umetokea chini, lakini ni ule ule. Sikulia. Niliwaza tu jinsi mama atakavyomwaga kopo.

Nikatafuta maji mengi. Nikapanda mpaka nduwani, hakukuwa na mtu, nikaingia na miguu yangu miwili mpaka magotini, nikajiosha, nikafua gagulo. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Nikafua, nikalikamua, nikafua tena, kama vile ugonjwa ni doa.

"Toka! Wee, toka humo!"

Alikuwa Aikande, amenifuata. Ndoo yake ilikuwa imeanguka, inabiringika kuteremka mteremko, wala hakuigeukia.

Nikamwambia, "Naumwa. Nina ugonjwa wa baba yangu."

Akanitazama, akatazama gagulo, akaanza kucheka. Halafu kicheko kikamkatika. "Kwani kwenu hamfundishwi?"

Alinifundisha pale pale, kwa maneno yasiyofika ishirini, akiwa anageuka nyuma kila mara kuangalia nani anakuja. Akanifungulia kitambaa chake cha kichwani, akanionyesha namna ya kukikunja. Akaniambia, "Sijaona kitu. Na wewe hujafika huku." Nilishuka nimefurahi kuliko siku zote tangu nivuke mpaka. Nilikuwa sifi! Ningemaliza shule.

Siku ya nne mfongo ukakauka.

Nasema ukakauka, si kupungua. Asubuhi walipokwenda kuifungua nduwa walikuta tope na vyura. Ilikuwa kiangazi, migomba imeshaanza kukunja majani, ng'ombe wa ndani wanalia vibandani. Wanaume wakapanda juu kutazama. Wanawake wakafanya kazi yao ya upande wa chini: kila mama akamkalisha binti yake jikoni akamuuliza. Aikande aliulizwa na mama yake mara ya kwanza akakataa. Mara ya pili akaulizwa kitambaa chake cha kichwani kiko wapi.

Alikuja kuniambia mwenyewe, macho yamevimba. "Sikukusema kwa ubaya. Ningesemwa mimi."

Nami ningefanya hivyo hivyo. Sikumlaumu siku ile, wala simlaumu leo.

Pengine mambo yangeishia jikoni, kama siyo mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mwema, Mkristo safi, mwenye kuchukia ushirikina kama wengine wanavyochukia nyoka. Alisikia minong'ono, akatukusanya mstarini. Akasema hakuna msichana duniani awezaye kukausha maji. Akasema huo ni ujinga wa gizani. Hapo angenyamaza tungeachana salama. Lakini mwema akishaanza nani atamshika? Akaniita mbele. Akaniweka mkono begani, mbele ya shule nzima, wakubwa na wadogo, akasema, "Mwenzenu huyu amepata hedhi, kama mama zenu wote walivyopata. Ni maumbile. Asionekane mtu wa kumcheka."

Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke. Walinitazama kimya, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na macho yakarudi yakasimama katikati. Yule mwalimu alinitetea mpaka nikaisha.

Jumamosi kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya wote isiyo na mshahara, kila nyumba itoe mtu na jembe. Wanaume walitangulia alfajiri kwenda juu, chanzo cha mfongo kilipo, na mjomba wangu alikuwa miongoni mwao. Kabla ya kuondoka alitoa kondoo bandani bila kuniangalia. Mimi na mama tulipelekwa nduwani kwa mzee wa mfongo. Kina mama walikuwepo kwa mbali, na wasichana wa shule, kwa sababu siku ile ilikuwa ya kujifunza. Aikande alikuwepo. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Mzee alichinja kondoo, akamwaga kwenye tope mbege kidogo, ile pombe ya ndizi, akasema kwa Kichagga na wazee wake waliotangulia. Kisha akanipa jani la isale nilishike kwa mikono miwili. Isale ndilo jani la kuomba msamaha; kule mlimani anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nilitegemea atanifokea. Laiti angenifokea.

"Mwanangu," akasema, "hatuna hasira na wewe. Ulikuwa hujui. Sema tu kwamba umekosa."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa ameinama, amekunja khanga kwenye ngumi. Mwanamke aliyetoroka na mtoto akavuka nchi hakuweza kuinua uso mbele ya bwawa la tope.

"Meku, nimekosa," nikasema. Ndivyo walivyokuwa wakimwita, mzee.

"Kwa sauti, maji yasikie."

"Nimekosa."

Tukasimama. Jua likapanda. Jani likaanza kulegea mikononi mwangu. Nilimwomba Mungu, nikawaomba na wale wazee wa mzee, ambao sikuwajua hata majina. Kitambo kikapita, watu wakaanza kugunaguna. Ndipo tukasikia mlio kama wa mtu anayesukutua mdomo. Yalitangulia majani makavu na povu. Yakaja maji ya rangi ya chai, yakaingia nduwani, yakazunguka, yakatafuta mahali pa kulala.

Vigelegele vilipanda mpaka juu ya migomba. Mama yangu naye alipiga. Nilimsikia kabisa, sauti yake naijua. Na mimi nilifurahi! Nilirukaruka na lile jani langu. Ilinichukua muda, labda mpaka vigelegele vilipokwisha, kuelewa nilichokuwa nakifurahia. Kabla ya maji kurudi nilikuwa nasingiziwa. Yaliporudi, nikawa nimefanya kweli.

Jioni mjomba alishuka ana tope mpaka kiunoni. Mama akamtengea kiburu cha ndizi na maharage, akala kama mtu aliyelima siku mbili. Akaanza kusimulia: kulikuwa na gogo kubwa limeanguka pale mdomoni mwa mfongo, na mawe yamejazana nyuma yake, wamesukuma toka alfajiri, jembe la jirani limevunjika mpini.

Nikaacha kula. "Kwa hiyo mjomba, ni gogo. Si mimi."

Mjomba alinitazama kwa huruma, nasema kweli, kwa huruma. Alimaliza kutafuna.

"Na gogo lenyewe," akasema, "liliangushwa na nani?"

Kuna jibu la swali hilo? Mwalimu mkuu na elimu yake yote asingelijibu, sembuse mtoto wa darasa la nne mwenye magoti nje.

Hakuna aliyenifukuza shule. Hilo mliandike vizuri, maana watu wakisikia habari hii wanatafuta mbaya wa kumchukia. Walinisamehe, na waliniambia wamenisamehe. Wavulana hawakuniita Mkenya tena. Hata kwenye mchakamchaka niliachiwa nafasi, mbele yangu na nyuma yangu. Lakini njia ya kwenda shule ilivuka mfongo. Mwezi uliofuata, siku zangu zilipoanza, nilifika pale kwenye gogo la kuvukia nikasimama. Wenzangu wakavuka. Hawakuniambia "usivuke." Walisimama tu ng'ambo, wakaningoja waone. Nikarudi nyumbani. Mama alinikuta jikoni saa za shule, akatazama, akaelewa, akanipa mahindi ya kupukuchua. Kinywa chake kilikuwa bado kimefungwa.

Siku tano kila mwezi. Hesabu za sehemu zilifundishwa siku hizo, nikazikosa. Ukikosa sehemu, yanayofuata ni giza. Darasa la tano nilirudia. La sita niliingia, sikulimaliza. Mama hakusema kwamba nimemwacha. Alikaa na neno hilo mpaka alipokufa, na mimi nikakaa nalo upande wangu, kila mtu na kipande chake.

Nimezaa mabinti watatu. Mwiko wa kinywa niliuvunja mapema, niliwafundisha wote watatu kabla hawajafika umri, nikawafundisha mpaka wakaziba masikio. Nilijisifu kwa hilo. Halafu siku moja yule mkubwa alikuwa anatoka asubuhi na begi lake, najua yuko kwenye siku zake, na nikasikia mdomo wangu unamwambia, "Usipite mfongoni. Zunguka kanisani."

"Mama! Kanisani nitachelewa. Kwani wewe unaamini hayo?"

Nilimfokea azunguke, akazunguka, akachapwa kwa kuchelewa. Wadogo zake nao niliwazungusha. Wamesoma, wamekwenda mbele yangu kwa mbali, na wakija sikukuu wananicheka, wananiuliza lile lile, mama ulikuwa unaamini kweli? Huwa nawaambia waniache nimenye ndizi. Wakizidi kunisumbua nawajibu. Kuamini, siamini. Ila maji yalirudi, na mimi nilikuwepo.