Ringi Zilizopimwa kwa Nyembe

Walisema sitawahi kuifungua injini, kuifunga tena, na ikawaka. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Mzee Bakari, kinyozi wa Magogoni, ambaye kiti chake kilikaa mbele ya nyumba yetu. "Huyu Katana awe fundi wa mitambo?" alikuwa akiwauliza wateja, wembe umesimama hewani. "Wallahi, na aanze na kamasi zake. Akizimudu hizo, tutampa injini." Wateja walicheka kidogo kidogo, maana wembe haukuwa mbali na shingo zao. Leo nina stashahada ya uhandisi wa mitambo niliyoisotea ng'ambo, nimeitundika ukutani mahali ambapo hakuna mgeni anayeweza kuketi asiione, na karakana yangu imewaajiri watoto wa wale waliokuwa wakicheka. Hata hivyo, nikisikia harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya chuma kilichopigwa tupa, narudi kwetu Magogoni, huko Kisauni, mwaka mmoja wa Vita vya Pili vya Dunia, siku chache kabla ya masika.

Baba yangu, Charo, alikuwa fundi wa baiskeli. Mzungu mmoja mwenye shamba la minazi upande wa Mtopanga alimwita atengeneze pampu yake ya maji, na Baba akaitengeneza kwa kutia silinda mpya na ringi mpya. Yule bwana alipoondoka kwenda vitani, alimlipa kwa trekta lililokuwa limekufa. Lilikuwa la kale, magurudumu yake ya chuma yenye meno, na kabla ya kufa lilikuwa likitoa moshi wa buluu kiasi cha kufukuza kunguru. Watu walikuja kulitazama uani kwetu, wakalizunguka bila kuligusa, wakaondoka wakinong'ona. Mama alikataa kuanika nguo upande ule. Usiku wa joto chuma chake kilipopoa kilikuwa kikilia tik, tik, nami nikilala nikidhani kuna mtu ndani yake anagonga atolewe.

Miaka ile mahindi yalikuwa ya mgawo, na kila aliyekuwa na kipande cha ardhi alikitegemea. Baba hakuwa na kitu cha kulifufulia trekta, basi akaazima. Mama Kadzo, muuza mafuta ya taa wa Mtopanga, alimpa pipa zima, maana injini ile ilikuwa ikinywa mafuta hayo. Mzee Bakari alimpa nyembe, ambazo wakati wa vita zilikuwa adimu kama sukari, maana Baba hakuwa na kipimo na nyembe ni nyembamba na hazidanganyi. Ahadi ilikuwa moja kwa wote wawili: trekta litalima mashamba yao kabla ya mvua ya kwanza. Kwa kumwamini, waliweka majembe chini. Mama Kadzo aliwaambia hata vibarua wake wasije. Baba alipolisikia hilo alikung'uta vumbi mikononi ingawa mikono ilikuwa safi.

Nilikuwa naye siku ya kupima ringi. Ringi ya pistoni si duara kamili. Imekatwa mahali pamoja, na pale ilipokatwa pana upenyo. Ukiitia peke yake ndani ya silinda, upenyo ule ndio unaokueleza imelika kiasi gani. Ringi za zamani zilikuwa zimelika hata njiti ya kiberiti ikapita. Baba alipata nyingine kutoka kwenye lori bovu, kubwa kidogo, akazipiga tupa ncha zake mpaka upenyo ukaingia nyembe za Bakari zilizopangwa pamoja, bila kulegea wala kukwama. Alikuwa akizishikilia ringi mdomoni mwa silinda kwa vidole, anachomeka nyembe, anatabasamu. Pampu ya yule Mzungu aliipima vivyo hivyo, mdomoni tu, na ilikuwa bado inavuta maji.

Mimi nilichukua pistoni, nikaigeuza, nikaisukuma nayo ringi mpaka chini. Nikainama na taa. Zile ncha mbili zilikuwa zimesogeleana hata wembe mmoja ulikataa kupita.

"Baba, huku chini inafumba."

Baba alichungulia. "Chini hakujachakaa, mwanangu. Ikipata mafuta italainika."

"Msikilizeni daktari wa mitambo," Mzee Bakari akasema kutoka kwenye kiti chake. "Fundi, mpe na stethoskopu."

Baba alicheka. Akafunga injini.

Kosa lenyewe naweza kulieleza sasa kwa maneno machache. Silinda ya pampu ilikuwa mpya, imenyooka, juu na chini ni sawa. Silinda ya trekta ilikuwa imeliwa juu ikabaki nyembamba chini, na chuma kikipata moto hutanuka; ncha za ringi zikikosa nafasi husukumana, na ringi huuma silinda. Nilikuwa na umri wa miaka tisa na nilikuwa nimeliona.

Trekta liliwaka asubuhi, Baba akizungusha hendeli, na bila moshi wa buluu. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni. Tulilifuata kwa miguu hadi Mtopanga, na udongo wa Mama Kadzo ulipoanza kupinduka, mweusi na wenye minyoo, alipiga kigelegele. Upande wa bara mawingu yalikuwa yamejipanga. Mimi sikuangalia udongo, nilikuwa nikisikiliza. Kadiri jua lilivyopanda, sauti ilizidi kuwa nzito, kama mtu anayepandisha mlima na mzigo na hataki kusema amechoka. Nilimpungia Baba mkono. Alidhani nashangilia, akanipungia na yeye. Kisha injini ikapiga yowe moja la chuma, na magurudumu yakasimama katikati ya mtaro.

Mvua ilinyesha siku ya pili yake. Trekta lilizama hadi ekseli, silinda zimechanika kwa ndani. Baba alimlimia Mama Kadzo kwa jembe, kwenye tope, mpaka mikono ikapasuka. Shamba la Bakari halikulimwa kabisa, na mwaka ule nyumba yake ilikula mihogo ya kuomba. Hakuna aliyetukana. Baba alikwenda kunyolewa kama kawaida, na Mzee Bakari, mtu ambaye hakuwahi kufunga mdomo, alimnyoa kimya. Nilikuwa nikitazama wembe ukishuka kooni mwa Baba na kusimama, kushuka na kusimama. Mwezi ule Baba aliuza spana zake akaenda kupakua mizigo bandarini.

Niliporudi na stashahada yangu, nilivuta chuma kile, trekta la Baba, kutoka kwenye majani. Mafundi wa mjini walisema nikiuze kwa kilo. Nilichonga silinda upya, nikaagiza ringi zake hasa, nikapima juu, katikati na chini. Mama Kadzo alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilimlimia binti yake. Kisha nikaingia shamba la Bakari. Mzee alikuwa amesimama ukingoni na fimbo.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba. Umepima juu au chini?"

"Chini, Mzee."

"Haya. Lima."

Leo hakuna kulima huko. Ni nyumba kwa nyumba, na vijana wangu wana vipimo vinavyosoma unene wa unywele. Nawalazimisha bado waisukume ringi hadi chini, wakinung'unika.

Siku ile nililima mpaka injini ikachemka, na ikanguruma vilevile. Nikamkabidhi Mzee pakiti mpya ya nyembe. Aliipindua, akainusa, akanifuata hadi nyumbani, akamketisha Baba kwenye kiti. Alipompaka sabuni alianza na habari za mjane fulani wa Frere Town, akaendelea na bei ya nazi, akafika kwenye meno ya mkwewe, na Baba, macho yamefumbwa, koo liko wazi, alikuwa akimwambia asimamishe wembe kidogo ili yeye acheke.