Mama Visanduku na Watu Arobaini na Mmoja

Jina la Mama Visanduku nilimbandika mimi, na wala sikumbandika kwa mapenzi. Ilikuwa siku ya tatu tangu aletwe kwenye chumba chetu cha kumbukumbu, pale kliniki ya macho. Nilimkuta ameinama mbele ya skrini akivuta visanduku kwa kipanya, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. "Naona Mama Visanduku yuko kazini," nikasema, na chumba kizima kikacheka. Na yeye akacheka. Jina likamganda hadi madaktari wakawa wanamwita hivyo.

Kwa kazi alikuwa muuguzi. Miaka ishirini na mitatu alishika videvu vya watu akiwatia matone ya dawa, mpaka siku alipomdaka mgonjwa aliyeteleza kwenye ngazi, na mgongo wake ukaharibika. Wakubwa wakaona badala ya kumstaafisha wamkalishe kwenye kiti. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wakubwa wanajitegemea mbali huko, na alikuwa na raba nyeupe alizozisugua kila Jumapili zikang'aa kama sahani. Ukimsalimia, anakushika mkono kwa mikono yake miwili na hakuachii mpaka umjibu kweli umeamkaje.

Mimi waliniita Profesa, na sikulikataa. Miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu pekee pale aliyejua kuiuliza kompyuta. Maana rejista ya wagonjwa ilikuwa ndani ya kompyuta, maelfu ya watu, na ukitaka kujua nani anaumwa nini na arudi lini, lazima uiulize kwa lugha yake, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Ukikosea mkato mmoja inakugomea. Nilikuwa naandika maswali hayo kwa mkono, bila kutazama popote, vidole vinakimbia, na madaktari wazima wamesimama nyuma yangu na karatasi zao wakisubiri kama watu wa foleni ya maji. Jamani, raha yake! Kichwa kilivimba nusura kishindwe kupita mlangoni.

Halafu ikaletwa ile programu ya visanduku. Humo huandiki kitu. Kila orodha ni kisanduku kwenye skrini. Unavuta mstari kutoka kimoja hadi kingine, unaweka alama ya vema kwa unaowataka, unaitoa kwa usiowataka, na programu yenyewe inakuandikia swali kwa siri huko nyuma. Nilisema hicho ni kitabu cha kuchorea cha watoto. Mama Visanduku aliijua kwa wiki mbili. Mwezi wa pili madaktari walikuwa wananipita mezani kwangu kama hawanioni, wanakwenda kwake. "Dada, niangalizie hili." "Dada, nichoree lile." Nikawa nawatazama migongo yao.

Sasa, kila baada ya miezi mitatu tulikuwa tunatoa orodha ya wenye presha ya macho, waitwe wakapimwe. Ugonjwa huu hauumi. Unakula uono taratibu kutoka pembeni, na mtu hagundui mpaka umefika katikati, na kilicholiwa hakirudi. Ndiyo maana lazima mtu aitwe. Aliye na simu anapigiwa, asiye na simu anapelekewa karatasi nyumbani. Asiyekuwa kwenye orodha haitwi. Ni hivyo tu.

Mwezi wa tatu orodha yangu ilitoa watu mia tano sabini na mmoja. Mama Visanduku, kwa kujifunza tu, akachora ya kwake. Ikatoa mia sita na kumi na wawili.

Akaja mezani kwangu na karatasi moja. "Mdogo wangu, hebu tuangalie pamoja. Hawa arobaini na mmoja wako kwangu, kwako hawapo. Nadhani ni wale tuliowapima uwanjani, ile siku ya umati. Safu yao ya Hali haikujazwa."

Ile safu ya Hali ndiyo inayosema kama mgonjwa anahudhuria, amehama, au amefariki. Niliitazama ile karatasi kwa muda wa kupiga chafya. Nilitazama idadi chini, basi. Majina sikuyasoma hata moja. Na chini kidogo ya katikati lilikuwemo jina la fundi cherehani aliyemshonea binti yangu sare tangu darasa la kwanza, mama wa mtaani kwetu anayenijua kwa sauti na kwa kikohozi. Ningeinua jicho kidogo tu ningeliona.

"Hayo ni majina hewa, dada," nikamwambia. "Visanduku vyako vimekuokotea takataka. Yafute."

Hakuyafuta. Akalipeleka jambo kwa Mganga Mkuu, na Mganga Mkuu akatuita wote kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wauguzi na madaktari. Nikasimama nikatamba. Nikasema mimi naweza kuonyesha kila neno nililoliandika na kueleza lina kazi gani. Na yeye je, atuonyeshe programu yake imeandika nini huko nyuma ya picha. Hakujua kuisoma ile lugha, na mimi nilijua kwamba hajui, ndiyo maana niliuliza.

"Daktari," akasema, "mimi sijui maneno ya Profesa. Lakini hawa ni watu. Wengine nawakumbuka kwa sura."

"Tusichanganye sura na takwimu," nikasema.

Watu wakacheka. Orodha yangu ndiyo iliyopita. Alikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni, akatoka ameshika kiuno.

Tangu hapo kila Jumatatu alikuja na raba zenye vumbi. Yeye, mtu wa kusugua raba Jumapili! Na kiti akawa anakikalia kwa upande, anatafuta pa kuuweka mgongo. Nami sikuacha mdomo wangu upumzike. "Mama Visanduku, umepata mchumba wa mashambani nini?"

"Ninao arobaini na mmoja, mdogo wangu," akanijibu, uso mkavu kabisa.

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nilidhani ni mzaha. Sikuuliza, na laiti ningeuliza.

Barua sipendi kuisimulia, lakini bila barua hamtanielewa. Mwezi wa nane nilimwandikia Mganga Mkuu aya mbili za adabu, kwamba chumba kimoja hakiwezi kuwa na programu mbili, kwamba takwimu zinagongana, kwamba mwenzetu angefaa zaidi kwenye kituo chetu kidogo cha mji mwingine kilichokuwa kinaomba mtu wa mapokezi. Kilikuwa mbali, saa tano kwa basi. Niliiandika siku ya Ijumaa, Jumatatu ikajibiwa, Alhamisi ameondoka. Alipokuja kuniaga nikajitia niko kwenye simu. Nilikuwa naongea na simu iliyozimwa, jamani, mtu mzima na ndevu zangu. Alisimama kidogo, akaweka daftari juu ya kibodi yangu, akanigusa bega, akaenda zake.

Daftari lilikuwa na gamba la nailoni. Nikadhani ni maelezo ya visanduku vyake, nikalikunja nikalitia chini ya mguu wa meza ya printa, maana meza ile ilikuwa inayumba. Ikatulia.

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, nilikwenda kwa Fundi kuchukua sare ya binti yangu. Mkono mmoja wa shati ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na vifungo vimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikamtania, "Fundi, siku hizi tunashona kwa kubahatisha?"

Alikuwa ameinamia cherehani, pua karibu iguse sindano. Hakucheka. "Baba, nisamehe. Jicho la kushoto limezima. Hili la kulia naona kipande kidogo tu hapa mbele, huku pembeni giza tupu." Akapapasa mezani akitafuta mkasi uliokuwa karibu na kiwiko chake. "Walinipima pale uwanjani, wakasema nina presha ya macho, wataniita. Nimengoja. Au walisahau?"

Nilimshika mkono nikampeleka kliniki siku ile ile, na daktari alipomaliza kumpima aliniita pembeni. Alisema la kulia tutalilinda kwa dawa. La kushoto ndiyo basi. Angefika hata mwezi wa nane, tungeliwahi.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika jina lake. Alikuwemo. Kila kitu kimejazwa, umri, mtaa, ugonjwa, isipokuwa safu ya Hali. Wazi.

Nikafungua swali langu, lile la miaka kumi na mmoja. Lilisema: nipe wote wenye presha ya macho ambao Hali yao si "amehama" wala si "amefariki". Mtu yeyote akilisoma atasema ni sawa. Lakini kompyuta ikikuta pamebaki wazi haisemi "huyu hakufariki." Inasema "sijui," na yule isiyemjua haimweki kwenye orodha, wala haikuambii kwamba imemwacha. Hili nilifundishwa. Nilifundishwa muhula wa kwanza, nikalifanyia mtihani nikafaulu! Na Mama Visanduku, ambaye hakufundishwa, aliona tu kwenye skrini yake maneno manne yamepangwa, moja limeandikwa "wazi" na mbele yake arobaini na moja, na akakataa kuitoa ile alama ya vema kwa sababu alijiuliza ni kina nani hao. Kitabu changu cha kuchorea cha watoto.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, dada." Miaka yote hiyo sikuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba, Profesa. Umeamkaje?" Akangoja jibu la kweli, kama kawaida yake.

"Wale arobaini na mmoja," nikasema. "Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, nikakuaibisha, na barua ya kukuhamisha niliandika mimi."

"Barua naijua. Katibu wa Mganga Mkuu alinionyesha. Lakini kwani daftari hukulisoma? Nilikuwekea juu ya kibodi makusudi, usije ukalikosa."

Nilipiga magoti chini ya meza ya printa. Niliinua mguu wa meza kwa bega, nikalichomoa. Lilikuwa limebonyea katikati kwa duara la ule mguu.

Ndani kulikuwa na watu arobaini na mmoja, kwa mwandiko wake wa kiuuguzi, wamepangwa kwa mitaa ili mtu atembee bila kurudi nyuma. Mbele ya kila jina tarehe, na kila tarehe ilikuwa Jumamosi. "Amekuja, amepewa matone." "Nimemkuta shambani, Jumatatu ataletwa na mwanawe." "Mbishi, nimerudi mara tatu, amekubali." "Mgongo leo umekataa, nimeishia nyumba mbili." Alikuwa amezunguka kwa miguu, na ule mgongo, kuwatafuta watu niliomwamuru awafute. Ishirini na sita walikuwa na tarehe.

Wa ishirini na saba alikuwa Fundi. Mtaa wetu, mlango wa kijani, uliza kwa wauza mkaa. Baada ya hapo, wazi.

Nilitoa nakala ya barua yangu kwenye faili nikaiweka pembeni ya daftari. Jumamosi ya mwisho aliyotembea ilikuwa siku sita kabla ya barua. Iliyofuata, siku moja baada ya barua, ndiyo ingekuwa ya mtaa wetu. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ilimshika mvua, akaamua kuusogeza mtaa wetu hadi Jumamosi ya mbele. Alhamisi akapandishwa basi.

Chini ya ukurasa aliandika: "Profesa, wamebaki kumi na watano. Namba za simu hawana, itabidi utembee. Usione haya kuwaendea, hawajui lolote kuhusu mimi na wewe."

Nilitembea. Kumi na mmoja niliwapata wakiwa bado na macho yao yote. Wawili walikuwa wamehama kweli. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuwa kipofu, akanikaribisha kiti kwa heshima kubwa, nikashindwa kukikalia. Wa kumi na tano ni Fundi. Mganga Mkuu nilimweleza yote, mbele ya kikao kile kile, nimesimama kwa miguu yangu. Alimwandikia Mama Visanduku arudi. Alikataa. Alisema mgongo umezoea kiti cha kule, na mimi simlaumu.

Kila mwezi nampeleka Fundi kupimwa. Anashika kiwiko changu, tunakwenda polepole, ananisimulia habari za mtaa. Kumweleza ilinichukua miezi minne, kila mara nafungua mdomo naufunga. Mwezi uliopita tukiwa kwenye benchi la kungojea nikamwambia yote, visanduku, kikao, daftari, barua. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua kadi yake.

"Kwa hiyo yule dada hakunisahau," akasema.

"Hakukusahau, mama. Alikuwa njiani anakuja kwako. Mimi ndiye niliyemrudisha."