Mabano Yaliyosemwa Ishiara

Nilifunga safari kwa sababu ya mbuzi. Mwalimu Nyaga, kiongozi wa kikundi cha maigizo huko Ishiara, aliniandikia kwenye simu kwamba mazoezi ya mchezo wangu yanaendelea vyema na kwamba wameongeza mbuzi. Mchezo wangu hauna mbuzi. Una mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake, na una Kiswahili nilichokisugua miaka mitatu mpaka kikang'aa. Waliniomba nitie saini barua ya ruhusa ili waigize Jumamosi. Bila saini, hakuna mchezo. Nikaiweka barua mfukoni, nikamwambia mke wangu naenda kuwanyima ana kwa ana, maana mimi ni muungwana.

Saa moja asubuhi niliondoka nyumbani Kinoru, kwenye baridi, nikiwa na sweta. Mitunguu joto likaanza, nikaivua. Kathwana nikafungua vifungo viwili vya shati. Njia nzima nilifanya mazoezi ya hotuba ya kuwanyima, na niliigiza vizuri sana kwa kuwa nilikuwa peke yangu garini.

Saa nne nilifika Ishiara. Mwalimu Nyaga alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwandishi. Hatujabadilisha kitu. Tumeongeza tu."

"Na mbuzi ni wa nini?"

"Watu wa hapa hawawezi amini shamba haina mbuzi."

Nikauliza choo kiko wapi.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wa mabati kando ya soko. Watazamaji walikuwa wachuuzi waliokimbia jua, kila mmoja akipiga soga zake. Shemeji mkubwa, ambaye ni mchinjaji wa pale sokoni, alisahau maneno yangu yote akaweka matusi yake, na watu wakacheka kuliko walivyowahi kucheka kwa lolote nililoliandika. Kwa haki, mbuzi ndiye pekee ambaye hakuniharibia hata sentensi moja.

Kisha akaingia mjane. Aliigizwa na Mama Ciku, muuza ndengu, zile choroko. Shemeji akamwamuru aondoke shambani. Hapo mimi nilikuwa nimeandika ndani ya mabano, kama maelekezo kwa mwigizaji: ananyamaza, anakitazama kiti cha mumewe.

Mama Ciku akatugeukia sisi watazamaji. Akasema polepole, "Ananyamaza. Anakitazama kiti cha mumewe."

Nilifunika uso kwa aibu. Mwanamke amesema maelekezo! Nilingoja kicheko, nikingoja pia sababu nzuri ya kutoa hotuba yangu.

Hakuna aliyecheka. Nilipofungua macho, mchuuzi aliyekuwa akiongea kwa simu alikuwa ameishusha, na ukumbi mzima ulikuwa ukikitazama kiti, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Nami nikakitazama. Miaka mitatu niliandika juu ya marehemu yule bila kumwonea huruma hata siku moja, na sasa nikajikuta nikingoja aje akikalie.

Saa saba tulikula chapati na ndengu. Nikamuuliza Mama Ciku yale maneno ameyatoa wapi.

"Kwa kitabu yako. Mimi sisomi sana. Dada yangu hunisomea nikichambua ndengu, mimi nashika kwa kichwa."

Nikaelewa. Mabano hayasikiki kwa masikio.

Mwalimu Nyaga alikohoa. "Tutamrekebisha kabla ya Jumamosi, mwandishi."

Mama Ciku aliweka kijiko chini. "Kwani hiyo si maneno ya huyo mjane? Mimi nilijua anajiongelea. Mzee wangu alipoenda, hata mimi nilikuwa najiona hivyo, kama mtu mwingine amesimama pale."

Hilo halikuwa kwenye hotuba yangu. Nilitoa barua, nikatia saini juu ya meza yenye mchuzi, nikamwambia Mwalimu Nyaga kwamba akimrekebisha mama huyu neno moja, nitairudisha mfukoni.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa Kinoru, sweta mwilini. Mke wangu akauliza kama nimewanyima. Nikamwambia mbuzi sasa yumo kwenye orodha ya wahusika. Kisha nikachukua mswada na kalamu, nikafuta yale mabano mawili, maneno nikayaacha. Miaka mitatu nilijisifu kwa mchezo ambao mstari wake bora mimi mwenyewe nilikuwa nimekataza usisemwe.