Sifuri ya Kipindi cha Tisa

Delmar Kuykendall aliishi nusu ya maisha yake ndani ya ukuta. Kwa miaka thelathini na nane, kila timu ya mji wao mdogo wa Iowa ilipocheza besiboli nyumbani, alijifungia nyuma ya ubao wa matokeo, akachungulia uwanjani kupitia matundu ya namba, moja kwa kila kipindi, na kila kipindi kilipokwisha akatundika bati lenye namba ya pointi zilizopatikana. Mkewe alizoea kusema kwamba mke mkubwa ni ule ubao, yeye kaolewa wa pili.

Lakini kuna jambo lililomla moyo. Katika mwaka wake wa kumi na moja kazini, mrushaji Wendell Tack alifika kipindi cha tisa, cha mwisho, bila mpinzani hata mmoja kupata pigo. Alibaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Bahati kama hiyo haitajwi wala haitangulizwi, isije ikavunjika. Hata wachezaji wenzake hunyamaza. Delmar, kwa haraka ya kuwahi mahindi ya kuchoma kwa shemeji yake, akatundika sifuri ya tisa mapema. Wendell akageuka, akaiona. Mpira uliofuata ulipigwa ukavuka ukuta. Ligi kuu haikumwita tena. Alirudi kwao Nebraska, akafia ndani ya ghala la nafaka, na Delmar hakuwahi kumwomba radhi.

Sasa, Jumapili moja ya Agosti, timu ikiongoza moja kwa bila, kijana Curtis Ames alikuwa akirusha vilevile. Wapinzani walipiga hewa tu. Baada ya kipindi cha saba, Roscoe, mtunza uwanja, akachungulia mlangoni.

"Mzee, umehesabu lakini? Huyu dogo ana—"

"Koma! Ukimalizia nakupiga na bati."

"Haya, yaishe. Mbona humu baridi hivi? Huku nje watu wanayeyuka!"

Tangu kipindi cha sita Delmar alikuwa akisikia mtu anapumua kwenye kona yenye giza.

Kipindi cha tisa, wawili wakatolewa, akabaki mmoja. Ghafla tundu la tisa likazibwa. Kabla hajasogea, Roscoe akapiga kelele kutoka nje: "Delmar! Umerogwa? Toa hiyo sifuri, dogo hajageuka bado!"

Mikono ya Delmar ilikuwa mitupu. Akaliendea bati, akalivuta. Halikutoka. Akavuta tena, na hapo akaigusa mikono iliyolishikilia, mikavu, yenye vumbi la nafaka.

"Wendell," akasema, "siku ile ni mimi niliyeharibu. Nilikuwa nawahi mahindi tu, ndugu yangu. Ningekuja kukuambia, nikaona haya. Nisamehe. Lakini huyu mtoto hajakukosea kitu."

Kupumua kukakoma. Kisha bati likaachiwa, likamwangukia miguuni, na mwanga ukaingia. Kupitia tundu akamwona Curtis akigeuka, akilitazama tundu la tisa lisilo na kitu. Kijana akavuta kofia, akarusha. Mpigaji akakata hewa, akatolewa, na uwanja mzima ukasimama ukipiga mayowe.

Delmar akaliokota bati. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwachia mtu kazi yake. Akalinyoosha kuelekea gizani.

"Shika," akasema. "Hii ilikuwa yako."

Likapokewa taratibu kutoka mikononi mwake, likatundikwa.