Miguu ya Lakshmi

Shangazi yangu ana ugonjwa wa usafi, na ndio uliotuponza. Ni mchoraji. Alianza na mabango ya vinyozi, akapanda mpaka maua ya kwenye malori, na kwa miaka ishirini na mbili sasa anapaka rangi sanamu za miungu ambazo watu wa imani yetu, sisi Wahindu, huziweka kwenye madhabahu ndogo za nyumbani. Chumba cha kazi tunagawana: dirisha la kulia ni la cherehani yangu, la kushoto la meza yake. Macho anayachora mwisho, kwa brashi nyembamba, ameshika pumzi, na wakati huo ukithubutu kupiga chafya utajuta kuzaliwa.

Sheria yake ni moja: rangi mpya haishiki juu ya taka. Sanamu kuukuu ikifika, huivua kila kitu kwa kisu na msasa mpaka udongo wenyewe uonekane. Ameisema sheria hiyo mara nyingi mno, naamini hata cherehani yangu inaijua.

Basi akaja Fundi Saa, mtengeneza saa wa mtaani kwetu, na Lakshmi wa mama yake, mungu mke wa baraka za nyumba, amefungwa kwenye taulo. Sari ilikuwa imepauka, uso umefifia. Mama mwenyewe, bibi wa miaka themanini na moja, alikuwa hospitali akitolewa mtoto wa jicho. Miaka tisa alikuwa haoni hata kiganja chake.

"Dada, bandeji ikitoka nataka cha kwanza atakachokiona kiwe huyu, anang'aa," akasema. "Lakini ni siri. Mama hajui."

"Niachie mimi. Utadhani katengenezwa jana."

Alifanya kazi siku nne, na sitamnyima haki yake: Lakshmi alitoka mzuri mpaka nikaacha kushona. Sari nyekundu, pindo la dhahabu, macho yanayokufuata kila uendako. Miguuni hapo awali kulikuwa na gamba gumu, jekundu linaloelekea weusi, nene kama ukoko wa sufuria. Nilimwona akilikwangua kwa nusu saa, akinung'unika kwamba watu hawajui hata kuwafuta vumbi miungu yao. Nami sikusema neno, kwa hiyo simlaumu peke yake.

Siku ya tatu baada ya sanamu kurudi kwao, Fundi Saa aliingia mbio, vifungo vya shati vimepishana, lile taulo kifuani.

"Dada, mama hali chakula."

"Anaumwa?"

"Anaona vizuri kabisa. Amemwangalia, akampapasa miguu, akasema huyu si wake, eti tumemuuza wake. Na tangu aolewe, akiwa nyumbani hajatia kitu mdomoni kabla hajamsalimia. Jana alikunywa maji tu. Leo hata maji hataki. Dawa zake hazinywewi na tumbo tupu, na daktari amesema akiziacha macho yataharibika tena."

Ndipo akatueleza kuhusu lile gamba. Kila asubuhi, kwa miaka sitini na moja, mama yake alichovya kidole kwenye unga mwekundu wa ibada akaigusa miguu ya Lakshmi. Unga ulikuwa umekauka juu ya unga. Katika ile miaka tisa ya giza, hapo ndipo alipomtambulia.

Shangazi aliweka brashi chini. Akaitazama ndoo ya taka. Ilikuwa tupu, niliimwaga mimi mwenyewe.

"Tengeneza gamba jingine," Fundi Saa akasema kwa sauti ya chini. "Wewe unaweza."

"Nimdanganye mama wa watu?"

"Unataka nimzike?"

Hapo nilipandwa na hasira, maana aliyetaka siri ni yeye Fundi Saa. Lakini nani angeniuliza mimi? Shangazi alikwisha kuchukua unga, gundi na masizi kidogo. Akapaka tabaka, akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa pasi yangu ya moto aikaushie kwa joto lake. Tabaka baada ya tabaka. Ilipofika saa sita mchana nilifumba macho nikaligusa gamba. Ningeapa ni la kale.

Tulimkuta bibi ameketi kitandani, midomo imepasuka, bakuli la uji limefunikwa kando yake. Sebuleni alipita jirani akicheka, nikatamani kumziba mdomo.

"Mama, tumempata wako," mwanawe akasema. "Walikuwa wamembadilisha na wa mtu mwingine, bahati mbaya tu."

Bibi akafumba macho, hayo macho mapya asiyoyaamini bado, akanyoosha mkono. Vidole vikafika miguuni, vikasimama, vikabonyeza. Midomo ikaanza kunong'ona. Fundi Saa akafunua uji haraka haraka, akashika kijiko. Shangazi hakuwa akipumua.

Kisha bibi akafumbua macho, akakitazama kidole chake. Kilikuwa safi.

"Kwa Lakshmi wangu kidole hurudi chekundu," akasema. "Hii ni gundi."

"Mama, labda ni kwa sababu ya—"

"Ni mimi, mama." Shangazi alikuwa ameshapiga magoti. "Huyu ni yule yule wako. Nilimkwangua nikidhani ni uchafu. Nikaona aibu, nikakubandikia uongo."

Bibi akamgeuzia yale macho mapya. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu.

"Kumkwangua kulikuchukua muda gani?"

"Nusu saa."

"Nusu saa," bibi akarudia. "Litoe hilo."

Shangazi akaingiza ukucha, na gamba lote likabanduka kipande kimoja. Bibi akaomba kopo la unga. Akachovya, akaigusa ile miguu mipya. Ikabaki alama moja, ndogo kama punje ya dengu. Akasema maneno yake ya asubuhi, taratibu, hakuruka hata moja. Halafu akafungua mdomo, na mwanawe akamlisha uji huku machozi yanamtiririka bila aibu.

Shangazi aliinuka kinyonge, akanikonyeza tuondoke kabla hatujafukuzwa. Bibi akamdaka kifundo cha mkono, akakivuta kidole chake mpaka ndani ya kopo.

"Uje kila asubuhi, uweke na wewe," akasema. "Miaka sitini na moja mingine, peke yangu sitafika."